Kaka ametoka mahabusu, lakini bado anaishi kwa ratiba ya kule

Binti Kalenga:
Habari zenu wakuu. Kaka yangu alikaa mahabusu miaka sita kwa kesi ya mauaji, ambayo haina dhamana. Mwezi wa tatu kesi ikafutwa, akarudi nyumbani Iringa. Mwili umeanza kurudi, yeye mwenyewe bado. Ikifika saa kumi jioni anaingia chumbani hatoki hadi asubuhi, na taa haizimwi. Juzi mlinzi wa duka alipita na sare yake, kaka akachuchumaa palepale barabarani. Mtoto wake aliyezaliwa yeye akiwa ndani anamwita mjomba, naye anaitika tu. Mama anasema karogwa, anataka tumpeleke kwa mganga. Mliopitia haya, mtu kama huyu anasaidiwaje?

Mwana Kihesa:
Pole dada. Mwanaume hujikaza. Akipata kazi atasahau.

Fundi Seremala:
Mkuu, samahani, huko kujikaza ndiko kunakotumaliza. Mimi nilikaa mahabusu, kisha nikahukumiwa nikatumikia kifungo, kwa hiyo yote mawili nayajua. Dada, mahabusu iliniumiza akili kuliko kifungo. Mfungwa ana tarehe yake. Akiwa na nidhamu anapunguziwa theluthi moja, anapiga hesabu, anajua Pasaka ya mwaka fulani atakula nyumbani. Mahabusu hana cha kuhesabu. Kila baada ya siku 14 unapanda karandinga, unafika mahakamani, "upelelezi haujakamilika", unarudi. Mwanzoni usiku wa kuamkia siku ya kesi kutajwa hulali kwa matumaini. Baadaye unajizoesha kutotumaini chochote, maana kila ukitumaini unaumia upya. Nadhani kaka yako bado yuko hapo.

Saa kumi ndiyo saa tuliyokuwa tunafungiwa. Na kule huchagui kitu, hata taa huzimi wewe. Nilipotoka, mke wangu aliniuliza nataka chai au uji. Nilishindwa kujibu, machozi yakanitoka. Kilichonivuta ni useremala niliojifunza gerezani, na mzee jirani aliyekuwa akiniita barazani jioni tucheze bao. Habari za ndani hakuniuliza hata siku moja.

Nesi wa Wilaya:
Nafanya kazi kitengo cha afya ya akili. Kushtuka akiona sare, kujitenga, kuogopa giza: hilo ni jeraha, na lina tiba. Mpelekeni hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizieni kliniki ya afya ya akili. Akianza kusema heri afe, msisubiri siku ya kliniki, na asiachwe peke yake.

Binti Kalenga:
Asanteni sana. Mama nimemsomea yote, amekubali hospitali. Fundi, na mtoto je? Tumlazimishe amwite baba?

Fundi Seremala:
Msimlazimishe. Kaka apewe kazi ya kumpeleka shule asubuhi, kila siku, njia ileile. Wangu ilimchukua mwaka mzima.