Sheria inanipa siku 4 za kumzika mama, za kumuuguza zenye malipo hata moja hakuna

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mama yangu alipata kiharusi. Upande wa kulia wote umelala, hawezi kujigeuza kitandani. Mimi ni kitinda mimba, sina mume, kwa hiyo kikao cha familia kilipokaa macho yote yalinigeukia mimi. Nilikuwa nimeajiriwa, upande wa mahesabu. Nikaenda kwa afisa utumishi kuomba likizo, akanifungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ya huku kwetu Tanzania Bara, kifungu cha 34. Kasomeni wenyewe. Unapewa siku 4 zenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki. Mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu, mpaka AFARIKI. Mzazi aliye hai, anayelishwa kwa kijiko, hayumo. Yaani kwa sheria hii bi mkubwa angenirahisishia mambo kama angekata roho siku ileile.

Nikaacha kazi.

Najua kuna mjuaji atakuja na fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Lipo, ila ni la aliyeachishwa. Ukiacha mwenyewe huna chako, maana umeacha kwa hiari. Hiari ipi? Ninaamka kila baada ya saa mbili usiku kumgeuza mtu mzima ili mgongo usitoke vidonda, halafu niitwe niliyeacha kazi kwa hiari!

Nikaenda ofisi ya mtaa kuulizia ruzuku ya kaya maskini. Nyumba ina bati, hilo likawa kosa la kwanza. Televisheni ipo, imekufa siku nyingi, lakini ikaandikwa. Kisha nikaulizwa kama ndani ya kaya kuna mtu anayeweza kufanya kazi. Nipo mimi, mikono miwili, miguu miwili. Basi nikawa nguvukazi. Na nguvukazi, nikaelezwa, kazi yao ni ajira za muda, kuchimba mitaro na kutengeneza barabara. Nikauliza, nikiwa huko mtaroni nani anamlisha mama? Jibu: "Dada, si kuna majirani?"

Majirani wapo, na kusema kweli wamenibeba kuliko ofisi yoyote. Mama mmoja anayeuza vitumbua hukaa naye nikienda kufuata dawa. Lakini na yeye ana vitumbua vyake. Tangu lini jirani akawa mpango wa serikali?

Mwingine akanishauri mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. Mkopo, wakuu! Unda kikundi, fanya biashara, rejesha. Mimi ambaye kwenda tu gengeni narudi mbio.

Dirisha la wazee hospitalini sitalisemea sana, mnalijua. Sera ya wazee ya 2003 inasema waliofika 60 wasio na uwezo watibiwe bure. Kumwona daktari ni bure kweli. Dawa "hii imeisha, kanunue nje". Pampasi za wakubwa hazimo kwenye sera yoyote niliyowahi kuisikia.

Kinachonichoma zaidi ni Katiba. Ibara ya 11 inaiagiza mamlaka ya nchi iweke utaratibu ili mtu apate haki ya kusaidiwa na jamii akiwa mzee, mgonjwa, mlemavu au hajiwezi. Mama yangu anaingia kwenye yote manne. Sasa rudini ibara ya 7(2): sehemu hiyo yote haiwezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Wametuandikia haki kisha wakafunga mlango wa kuidai.

Na msiniambie nchi ni maskini. Zanzibar wanalipa Pensheni Jamii tangu 2016, kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, bila kuuliza habari za bati wala televisheni. Walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, sasa ni 50,000. Haitoshi, lakini bibi wa Micheweni kule Pemba anaipata. Bibi wa Mbagala hapa Dar kakosa nini?

Wale wa "kumuuguza mzazi ni baraka, Mungu atakulipa", pole yenu nimeipokea. Mama ni wangu na sijutii hata dakika moja. Ninachokataa ni serikali kujificha nyuma ya baraka zangu. Nisingekuwepo, huyu mgonjwa angekuwa wodini, kitanda cha umma, nesi wa umma. Kazi hiyo naifanya mimi bure, na bado shemeji anapiga simu kuniambia "wewe si upo tu nyumbani".

Wabunge mnaopita humu kimyakimya bila kukomenti, anzeni na kifungu cha 34. Ongezeni ugonjwa wa mzazi na wa mwenzi. Siku zenyewe analipa mwajiri, kwa sekta binafsi hazina haitoi hata senti.