Tupeane uzoefu: umeme wa akiba nyumbani msimu wa dhoruba

Mleta mada: Ndugu zangu, upepo wa usiku wa kuamkia leo umenikumbusha siku nne tulizokaa gizani huku insulini ya mama ikiharibika ndani ya friji. Mliokwisha kununua umeme wa akiba, naomba mtueleze mlichagua nini, na dhoruba ilipofika kilifanyaje kazi.

Mpiga Hesabu: Nilinunua betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, nikajihesabia wati-saa 1,200, bila kujua kwamba betri za aina hiyo hazifai kutumiwa kupita nusu. Isitoshe, friji inapoanza kuwaka huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida, kwa hiyo inveta yangu ndogo, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ilizima papo hapo.

Mama Pacha: Usiku wa pili wa dhoruba, mume wangu aliisogeza jenereta barazani, chini ya dirisha la watoto, ili isilowe. Niliamka kichwa kikinigonga, nikadhani ni uchovu. Nilipokwenda kuwafunika wanangu niliwakuta wamelegea, mmoja ametapika, nawaita hawaitiki. Tuliwabeba hadi nje kwenye mvua, na huko ndiko walikozinduka. Daktari alituambia ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Tangu siku hiyo jenereta hukaa zaidi ya mita 6 kutoka nyumbani.

Mkaa Bondeni: Pole sana, dada. Nami kichwa kiliwahi kuniuma hivyo hivyo, nikapuuza.

Sola Daima: Ndiyo maana nasema jenereta zipigwe marufuku majumbani. Wekeni paneli.

Fundi Mstaafu: Hapo unapotosha watu, ndugu yangu. Paneli zilizounganishwa na gridi, yaani mtandao wa umeme wa nje, bila betri kwa kawaida hujizima gridi inapokatika, na mawingu mazito ya siku tatu hayajazi betri ipasavyo. Jenereta inahitaji kuwekwa mahali pake, na kamwe isichomekwe kwenye soketi ya ukutani, kwa sababu umeme hurudi kwenye nyaya za nje, transfoma huupandisha hadi maelfu ya volti, na anayeuawa ni yule aliyepanda nguzo kuturudishia umeme. Fungeni swichi ya kubadilishia, inayoitenga nyumba na nyaya za nje jenereta inapowaka.

Sola Daima: Betri ninazo, na dhoruba iliyopita taa zangu hazikuzimika.

Fundi Mstaafu: Taa nakubali. Mwenzetu ameuliza habari ya friji.

Mama Pacha: Mtakaochagua jenereta, nawasihi mnunue kwanza kifaa cha kugundua gesi hiyo, nacho kikae chumba wanacholala watoto.