Nimeokota jiwe korongoni Iringa, kuna mtu analitaka. Nifanyeje?

Mwanakorongo: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi sipati. Nilikuwa nachota mchanga korongoni huku Iringa, mvua imebomoa ukingo, nikakuta jiwe limechomoza. Limechongwa pande zote mbili, ncha kali, kitako kinajaa kiganjani. Ni la kale kweli? Lina thamani?

Mzee wa Ruaha: Linafanana na mashoka ya mkono ya Isimila, eneo la zana za mawe za kale huko huko Iringa. Kule mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliokota zana kama hizo mwaka 1951, na umri wake unakadiriwa miaka 260,000. Korongo lako liko wapi hasa?

Dada Tosa: Babu yetu alikuwa nalo la hivyo, bibi akalifanya la kunolea visu. Tulipohama likabaki kwenye kifusi. Hadi leo linaniuma.

Kibuyu: Usilale nalo ndani mkuu. Vitu vya wahenga vina wenyewe.

Mzee wa Ruaha: Hujanijibu. Na anayelitaka ni nani?

Mwanakorongo: Dalali, ana mteja nje ya nchi. Ameshanipa kianzio cha laki moja, keshokutwa anakuja kulichukua. Msinihukumu, hela nimelipa ada ya mtoto. Jiwe nimeokota, sijamwibia mtu.

Mzee wa Ruaha: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuuza au kusafirisha vitu hivyo bila kibali. Kuokota hakukupi ruhusa.

Fundi Bomba: Jamani, hii chai. Picha hakuna, mahali hataji, mara mteja wa ughaibuni! Kesho mtaombwa mchango.

Mwanakorongo: Chai gani? Picha dalali kanikataza. Sepeto langu lilimegua jiwe kidogo pembeni: ndani jeupe, nje kahawia, na udongo umeganda kwenye makovu ya kuchongwa.

Mzee wa Ruaha: Hizo rangi mbili ndizo zinanifanya nikuamini, uso uliochongwa zamani hubadilika. Usilisugue. Weka alama ulipolitoa, maana tabaka la udongo ndilo linalotaja umri. Kisha nenda kituo cha Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, barabara ya Mbeya.

Dada Tosa: Na ile laki?

Mwanakorongo: Ndiyo inayoninyima usingizi. Nikikataa atanidai, na sina.

Kibuyu: Kwani mliandikishana?

Mwanakorongo: Hapana. Ila kwangu anapajua.