Naombeni ushauri: kipokezi kilichoko kwenye utando wa seli kinaiuaje seli?

Mwana_Shangani: Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, nasomea maabara. Kikundi chetu tumepangiwa kuwasilisha apoptosisi (seli kujiua kwa mpangilio) inayoanzia kwenye vipokezi, na mimi ndiye nimesukumiwa kusimama mbele. Noti zenyewe ni mchoro mmoja uliojaa mishale: FasL, Fas, FADD, kaspesi 8, kaspesi 3, mitokondria... Kukariri nimeshakariri. Kinachonisumbua, FasL, ile protini inayoleta ishara, haiingii ndani ya seli, inagusa tu kipokezi chake Fas juu ya utando. Mguso huo unaiuaje seli nzima? Na mwalimu wetu ni wale wa kukatiza. Nianzie wapi, nipunguze nini?

Babu_wa_Ndanda: Mjukuu, anza na hili: kipokezi hakiui. Kinachoua kimo ndani ya seli siku zote, ila kimelala. Ndizo kaspesi, vimeng'enya vya kukata protini.

FasL huja ikiwa tatu zilizoshikana, mara nyingi juu ya chembe T ya kinga. Ikinasa Fas, inavikusanya vipokezi pamoja. Kila Fas ina mkia ndani ya seli, na kwenye mkia kuna kipande kinachoitwa kikoa cha kifo. Mikia ikisogeleana, protini ya kuunganisha iitwayo FADD inajishikiza hapo na kuziita kaspesi 8. Kaspesi 8 ikiwa peke yake haina neno. Zikibanana sehemu moja zinaamshana, zinakatana, kisha zinaikata kaspesi 3. Hiyo sasa ndiyo mchinjaji: inakata nguzo za seli na kukifungulia kimeng'enya kinachokatakata DNA. Mwalimu akikukatiza, ng'ang'ania hapo kwenye kukusanywa.

Dada_Mikindani: Babu kamaliza, ila mdogo wangu usiufute ule mshale wa mitokondria. Seli za ini, kwa mfano, kaspesi 8 inayoamka haitoshi kumaliza kazi. Inakata protini iitwayo Bid, kipande chake kinaenda kutoboa mitokondria, protini yake saitokromu c inavuja, kaspesi 9 inaamka, ndipo kaspesi 3 inapata nguvu. Halafu mtego wa walimu: TNF, protini nyingine ya ishara. Kipokezi chake TNFR1 nacho kina kikoa cha kifo, lakini mara nyingi kinawasha NF-kB, protini inayoamsha jeni za kuilinda seli, na seli inaishi. Ukisema TNF inaua tu, umekwisha.

Korosho_Gredi_Wani: Mi nipo Masasi nasubiri mnada, nimejikuta nimesoma mpaka huku chini. Sasa seli kuwa na kitu cha kujiulia si hatari hiyo?

Babu_wa_Ndanda: Hatari ni kukikosa, bwana Korosho. Kuna watoto wanazaliwa na hitilafu kwenye jeni ya FAS. Chembe za kinga zilizomaliza kazi zinagoma kufa. Mtoto anavimba mitoki, bandama linakuwa kubwa, na kinga inageuka kula chembe za damu yake mwenyewe. Ugonjwa unaitwa ALPS. Mjukuu, huo mfano usiuache, darasa zima litaamka.

Mwana_Shangani: Shikamoo babu, asante dada. Na TRAIL je? Kwenye noti ipo pembeni.

Dada_Mikindani: Sentensi moja inatosha: ni protini ya ishara kama FasL, inashika vipokezi DR4 na DR5, ndani inapita kwa FADD ileile. Na chora Fas tatu kubwa kwenye manila, usitegemee projekta. Umeme wetu unaujua.