Ulinganisho: likizo ya kiangazi kwa familia ya watu watano. Kifurushi cha hoteli, hema, treni au kubadilishana nyumba?

mama_watatu
Habari zenu wadau. Naomba mawazo kabla sijalipa popote. Watoto wanafunga shule mapema Julai na kurudi mwanzoni mwa Septemba. Tuko watano: mimi, baba yao, na watoto wa miaka 5, 11 na 14. Mwaka jana hatukutoka kabisa, na safari hii nimewaahidi, hata ikiwa ni siku kumi tu.

Nimekaa wiki mbili nalinganisha bei, nimebaki na njia tatu:

1. Kifurushi cha hoteli ya ufukweni, Hispania au Ugiriki. Ndege, chumba na chakula vyote kwa bei moja. Kupanga ni rahisi, lakini ndicho ghali kuliko vyote.
2. Gari letu na hema.
3. Treni, tulale hosteli.

Kinachoniumiza ni kwamba kifurushi kilekile cha hoteli ileile kinakaribia bei mara mbili ukitoka wiki ya tatu ya Juni kuingia wiki ya tatu ya Julai. Mwenye watoto shuleni ndiye anayekamuliwa. Nani amepita njia hizi na familia kubwa?

baba_J
Dada, watoe shule wiki moja kabla ya kufunga. Sisi tulifanya hivyo walipokuwa wadogo na tuliokoa pesa nyingi.

mwl_ratiba
Kaka baba_J, inategemea unaishi wapi. England tangu Agosti 2024 faini ni pauni 80, kwa kila mzazi na kwa kila mtoto, na usipolipa ndani ya siku 21 inakuwa 160. Wazazi wawili na watoto watatu ni faini sita, yaani pauni 480 kabla hamjafunga hata begi. Kuna baba alibishana na jambo hili hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2017 akashindwa: majaji walisema kuhudhuria "kwa kawaida" maana yake ni kuhudhuria kama shule ilivyopanga. Mimi nimefundisha miaka mingi. Wiki ya mwisho inaonekana ya michezo tu, lakini ndiyo wiki watoto wanaagana na mwalimu wao na marafiki wanaohama. Msiwanyime hiyo.

Sasa mama_watatu, ushauri wangu: weka ramani pembeni kwanza, anza na kalenda za shule. Si kalenda ya wanao, hiyo unaijua. Kalenda ya watoto wa kule unakokwenda. Bei inapandishwa na wenyeji na majirani zao wanapotoka wote kwa mpigo.

Finland wanafunga mwanzoni mwa Juni, na ikifika katikati ya Agosti watoto wako darasani. Denmark, Norway na Sweden nao wanarudi katikati ya Agosti au siku chache baadaye. Scotland ni hivyohivyo. Ujerumani kila jimbo lina tarehe zake, zinapishana kwa makusudi ili barabara na fukwe zisijae siku moja, na Bavaria ndio hufunga mlango, wanarudi katikati ya Septemba. Italia wanakaa nyumbani tangu Juni hadi Septemba, na kilele chao ni tarehe 15 Agosti, sikukuu wanayoiita Ferragosto. Siku hizo ukitafuta chumba pwani ya Italia unashindana na nchi nzima.

Kwa hiyo siku kumi za mwisho za Agosti ni zenu bado, lakini kaskazini ya Ulaya msimu umeshakwisha. Kambi nyingi huko zinakuwa zimeshusha bei.

Jambo la pili ambalo watu hawaliangalii: miji ya kazi. Hoteli za Brussels zinaishi kwa wabunge, mabalozi na watu wa mikutano. Bunge la Ulaya likienda mapumziko mwezi Agosti, vyumba vinabaki, na bei inashuka wakati ufukweni inapanda.

Tausi
Nakubaliana na mwalimu kuhusu tarehe, ila naongeza tahadhari. Tulikwenda Sweden wiki ya tatu ya Agosti. Kambi nafuu, watu wachache, ziwa zuri. Lakini bustani ya michezo ambayo watoto waliililia mwaka mzima ilikuwa imeshaanza kufungua Jumamosi na Jumapili tu, na sisi tulikuwa tunaondoka Ijumaa. Shule zikifunguliwa, na vivutio vya watoto vinapunguza siku. Angalia tarehe za kila kitu, si za malazi peke yake.

Hema_na_Nyota
Mimi ni mtu wa hema, mwaka wa saba sasa, na nitakwambia ukweli wake wote.

Uzuri: viwanja vingi vya kambi vinatoza eneo la hema na gari, kisha nyongeza ndogo kwa kila kichwa. Familia ya watano haidhulumiwi kama hotelini. Unapika mwenyewe, na kwa familia yetu hapo ndipo pesa inapookolewa kuliko kwenye kitanda. Norway sheria inakuruhusu kupiga hema bure kwenye ardhi isiyolimwa, mita 150 kutoka nyumba ya mtu, hadi usiku mbili mahali pamoja. Sweden nao wana haki kama hiyo. Scotland inaruhusu tangu sheria ya mwaka 2003, isipokuwa baadhi ya maeneo ya Loch Lomond ambako kati ya Machi na Septemba lazima uwe na kibali. England usijaribu bila ruhusa ya mwenye ardhi. Sehemu inayojulikana kuwa tofauti ni Dartmoor, na hata hiyo ilibidi ifike Mahakama ya Juu mwaka 2025 ndipo haki ikathibitishwa.

Ubaya: mwaka wa kwanza hema si nafuu. Hema la watu watano, magodoro ya upepo, mifuko ya kulalia, jiko la gesi, taa. Ukinunua vyote vipya unaweza kulipa karibu sawa na chumba. Azima kwa mtu. Ukikosa, kodi hema ambalo tayari limesimikwa kambini, kampuni nyingi zinafanya hivyo. Na lala nalo usiku mmoja karibu na nyumbani kabla ya safari, kwa sababu mtoto wa miaka 5 asiyepata usingizi kwenye hema atawaamsha wote, na hapo likizo inageuka adhabu. Sisi wa mwisho alikataa kabisa usiku wa kwanza. Tulimweka katikati yetu, kesho yake akazoea.

Kisiwa7
Kifurushi kimesemwa vibaya mno hapa, acheni nikitetee.

Miaka mitatu iliyopita nilijifanya hodari, nikanunua tiketi za ndege kwenye shirika moja na hoteli kwenye tovuti nyingine. Siku mbili kabla ya safari ndege ikafutwa. Shirika lilirudisha nauli. Hoteli ilikataa kurudisha hata senti, kwa sababu chumba chao kilikuwepo na mimi ndiye sikufika. Kisheria walikuwa sahihi. Nililipia kitanda ambacho wanangu hawakukilalia, na siku ile niliwaona wakilia huku mabegi yako mlangoni.

Ukinunua kifurushi ndani ya Umoja wa Ulaya, sheria ya safari za vifurushi, inayotumika tangu Julai 2018, inambebesha aliyekuuzia mzigo wote. Ndege ikifutwa, ni shida yake, si yako. Akifilisika, pesa yako lazima iwe imekingwa. Akitaka kupandisha bei kwa zaidi ya asilimia 8 unaruhusiwa kuvunja bila faini, na zikibaki siku chini ya 20 hawezi kupandisha kabisa.

Lakini kwa familia ya watu watano kuna mtego. Vyumba vingi vya hoteli vimepangwa kwa wakubwa wawili na watoto wawili. Mtoto wa tatu anakulazimisha vyumba viwili, na hapo ndipo bei yako inaruka dada, si kwa sababu ya Julai tu. Zile nafasi za "mtoto bure" nazo ni chache kwa kila ndege na huisha mapema, na mara nyingi mtoto wa miaka 14 anahesabiwa mkubwa. Mashirika mengi ya ndege ya bei ya chini hayana nauli ya mtoto kabisa: akishatimiza miaka 2 analipa siti nzima.

mama_watatu
Kisiwa7, umenifumbua macho. Nimerudi kuangalia, na kweli bei niliyokuwa naiona ilikuwa ya vyumba viwili. Nilidhani ni msimu peke yake.

nuru_k
Mbona hakuna aliyetaja kubadilishana nyumba? Mnakaa kwao, wanakaa kwenu, malazi bure. Si jambo la juzi. Mtandao wa Intervac ulianzishwa na walimu wa Ulaya mwaka 1953, watu wenye likizo ndefu na mshahara mdogo. Siku hizi kuna mitandao ya pointi pia, si lazima mkae kwa waliokaa kwenu.

Kwa watoto ndiyo njia bora niliyowahi kujaribu, kwa sababu mnafika nyumba yenye watoto: vitanda vidogo, baiskeli, vitabu, mashine ya kufulia. Ila anza miezi mingi kabla, andika barua nyingi na utarajie kukataliwa nyingi. Ikiwa nyumba ni ya kupanga, omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Mwambie na mtu wa bima.

mwl_ratiba
Nuru_k kasema vizuri, na hata hosteli zilitoka kwa mwalimu. Richard Schirrmann wa Ujerumani alinaswa na mvua ya radi mwaka 1909 akiwa matembezini na wanafunzi, wakalala ndani ya jengo la shule lililokuwa tupu kwa sababu ya likizo. Akajiuliza kwa nini shule zilale bure kiangazi chote. Mwaka 1912 hosteli ya kudumu ikafunguliwa kwenye ngome ya Altena. Nasema haya kwa sababu watu bado wanadhani hosteli ni za vijana peke yao. Nyingi zina vyumba vya familia vya vitanda vinne hadi sita, mlango wenu wenyewe, na nyingine zina jiko la wageni. Kwa watu watano hiyo inatatua ule mtego wa vyumba viwili.

Relini
Nimechelewa, lakini mimi mambo ya treni ndiyo yangu. Kwa wakazi wa Ulaya kuna Interrail, tiketi moja ya kupanda treni za nchi nyingi za Ulaya kwa idadi ya siku unazonunua (wakazi wa nje wanatumia Eurail). Mtoto wa miaka 4 hadi 11 anasafiri bure na mkubwa, watoto hadi wawili kwa kila mkubwa. Wa 14 analipa bei ya kijana, chini ya ya mkubwa.

Mambo matatu yanayowaumiza watu. Kwanza, ndani ya nchi unayoishi inatumika kwa kutoka mara moja na kurudi mara moja tu. Pili, treni za kasi za Ufaransa, Eurostar na treni za usiku zinataka ukate siti kwa pesa ya ziada, na mtoto wa bure naye analipia siti hiyo. Treni nyingi za Ujerumani, Austria na Uholanzi hazilazimishi. Tatu, msinunue siku nyingi za kusafiri. Familia inayohama mji kila siku inachoka siku ya tatu.

mama_watatu
Relini asante sana. Tatizo: huyu wa 11 anatimiza 12 tarehe 24 Agosti. Mwalimu ananiambia nisubiri mwisho wa Agosti, na nikisubiri anaanza kulipiwa. Nifuate lipi?

Relini
Yote mawili. Umri unaohesabiwa ni wa siku tiketi inapoanza kutumika. Ikianza tarehe 20, atakuwa bado na miaka 11 na itabaki hivyo hadi mwisho wa safari, hata akikata keki ndani ya behewa.

Na nikuongezee. Kuna tiketi ya siku 4 ndani ya mwezi mmoja. Tumieni siku mbili kwenda, mbili kurudi, katikati mtulie sehemu moja ambayo usafiri hauwagharimu. Luxembourg mabasi, tramu na treni za ndani daraja la pili ni bure kwa kila mtu, mgeni na mwenyeji, tangu 2020. Mnalala usiku mmoja au miwili Brussels wakati hoteli ziko chini, kisha mnashuka Luxembourg. Kuna ngome ya Vianden, kuna njia za miamba na msitu za Mullerthal, na Echternach kuna hosteli kando ya ziwa. Shule zao bado zimefungwa hadi katikati ya Septemba, kwa hiyo kata vitanda mapema, lakini na vivutio vya watoto vitakuwa wazi, halitawapata la Tausi.

Tausi
Hii nimeipenda. Wa 14 mpe kazi ya kushika ratiba ya mabasi, wangu alibadilika kabisa alipokabidhiwa.

baba_J
Mama watatu, mimi nirudi kwenye neno langu la kwanza, nilikosea. Hesabu ya faini sikuifahamu. Ila ikiwa bado bajeti inabana, punguza siku, usiahirishe mwaka mwingine. Huyo wa 14 hana viangazi vingi vya kusafiri nanyi kabla hajaanza kutaka kwenda na wenzake.

mama_watatu
Baba_J, hilo la mwisho limenigusa, baba yao naye alilisema jana.

Nimepiga hesabu usiku huu: tiketi ya siku 4 kwa wakubwa wawili na kijana mmoja, watoto wawili bure, usiku mbili Brussels, usiku sita Echternach, chakula cha kujipikia, na kufika Vianden hatutalipa nauli. Inakuja chini ya nusu ya kile kifurushi cha Julai, na hema sijalihitaji. Nuru_k, kubadilishana nyumba naweka kwa mwaka ujao, nitaanza kuandika barua mapema.

Nimeshawaandikia hosteli kuuliza chumba cha vitanda sita kuanzia tarehe 22. Wakinijibu nitaleta mrejesho hapahapa.