Tupeane uzoefu: kufufua kompyuta za zamani kwa Linux nyepesi kwa ajili ya wanafunzi

Mzee wa Flashi (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za jioni. Tangu Microsoft wafunge huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kuna laptopu nzima kabisa zinauzwa bei ya kutupa kwa sababu Windows 11 haizipokei. Mimi nazichukua, nazipiga Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, zinaenda kwa wanafunzi. Naomba uzoefu wa vitendo: mashine ina RAM kiasi gani, uliweka nini, mwanafunzi aliishia wapi nayo. Ya "Linux ni bora" halafu mtu kakimbia, hapana.

Naanza. Linux ziko za aina nyingi. Kwenye GB 4 naweka Linux Mint ya Xfce, yaani Mint yenye sura nyepesi. Aliyezoea Windows hapotei, menyu iko chini kushoto palepale. Wenye Mint wanasema hata GB 2 inawaka, na kweli inawaka, ila ukifungua brauza na tabu tano utasali. Hapo ndipo wengi wanadanganyana: mfumo ni mwepesi, mzigo ni brauza, na YouTube haijui kama umeweka Linux. Kwa GB 2 natumia antiX, Linux nyepesi zaidi, sura yake mbaya lakini inakimbia. Na kama kuna hela ya kitu kimoja tu, nunua SSD, diski isiyozunguka, kabla ya RAM. Diski ya kuzunguka iliyochoka itakuangusha hata uweke mfumo gani.

Ticha wa Kata
Kwetu shuleni intaneti ni simu ya mwalimu, kwa hiyo spidi ya brauza haitusumbui. Tulipewa desktopu za ofisi zilizostaafu, tukaweka Mint na Kiwix, ile programu inayosoma Wikipedia bila bando. Wikipedia ya Kiingereza yote na picha zake inapita GB 90, diski zetu haziwezi, tukachukua vifurushi vya masomo na Wikipedia ya Kiswahili ambayo ni ndogo. Juu yake tukaweka mitihani ya NECTA ya miaka ya nyuma kwa PDF. Kidato cha nne wanagombania viti. Sijawahi kuona mtoto anauliza hii ni Windows au siyo, wanaouliza ni walimu wenzangu.

Bint Changombe
Mimi nipo chuo, natumia Lubuntu, Linux nyingine nyepesi, kwenye laptopu aliyoniachia kaka. Kuandika hakuna shida. Shida ni kazi za kikundi: mwenzako anatuma faili la Word lenye majedwali, ukilifungua kwa LibreOffice, ile ofisi ya bure ya Linux, kurasa zimehama. Nilipoweka fonti za Microsoft, Times New Roman ikiwemo, mambo yakatulia kiasi. Ya kukabidhi kwa mhadhiri natuma PDF. SPSS, ile programu ya takwimu, sijahangaika nayo, kuna PSPP ya bure inafungua mafaili yaleyale ya .sav, na kwa takwimu za kawaida inatosha.

Fundi Betri
Nyie wote mmeruka kitu kimoja. Mashine iliyolala stoo miaka, betri ya bodi imekufa, ile ya kidonge CR2032. Ukiwasha, saa inarudi miaka ya nyuma, halafu kila tovuti inaandika "si salama" kwa sababu vyeti vya tovuti vinakagua tarehe. Mteja anarudi analalamika Linux yenu mbovu, kumbe kidonge tu. Fungua, badilisha, futa vumbi kwenye feni, weka pesti mpya ya kupitisha joto kwenye prosesa, ndiyo uongelee mfumo.

Pia tembea na Ventoy. Flashi moja unapakia ISO kadhaa, yaani mafaili ya kusakinishia mifumo, unawasha mashine ya mteja kwa kila moja bila kugusa diski yake, unapima waifai, sauti na kamera mbele yake.

Mswahili wa Likoni
Salaam ndugu zangu. Mimi nitaweka mchanga kidogo. Huku Kenya mtihani wa vitendo wa Computer Studies wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, huwa na kazi za databesi na za uchapishaji, na maabara nyingi zina Access na Publisher za Microsoft. Mtoto uliyemzoesha LibreOffice pekee ataingia pale akitafuta vitufe. Na wa usanifu majengo anayehitaji AutoCAD, programu ya michoro, msimuuzie maneno, kwenye Linux haikubali. Muulizeni mtu anasoma nini kabla hamjafuta Windows yake.

Mzee wa Flashi
Mswahili umesema kweli. Wa AutoCAD huwa namrudisha na hela yake mfukoni. Wa sekondari, diski ikiwa na nafasi, namwachia mifumo yote miwili.

Dogo wa Kahama
Wakuu nina Pentium 4 ya marehemu babu. Na laptopu nyingine nimeiwekea Mint, waifai haionekani kabisa. Nafanyaje?

Fundi Betri
Pentium 4 nyingi ni za biti 32, aina ya zamani ya prosesa, dogo. Debian 13, Linux nyingine iliyotoka Agosti 2025, haizisakinishi tena, na brauza nazo zinaziacha. Puppy ya zamani, Linux ndogo sana, itawaka, ila kwa kuandikia tu. Hiyo laptopu chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti kupitia USB, Mint itaiona kama waya wa mtandao. Kisha fungua Driver Manager, programu ya Mint ya kutafuta draiva, ikikuonyesha draiva ya waifai iweke, zima, washa. Ikigoma leta hapa jina la hiyo kadi.