Mjadala: Tuige mkataba wa Likoma kwenye mpaka wa Ziwa Nyasa?

Mtoa mada, Kyela: Wadau, mpaka wa Ziwa Nyasa ukitajwa, watu hukimbilia mkataba wa 1890 wa Wajerumani na Waingereza, ule unaopitisha mstari ufukoni mwetu mpaka mdomo wa Mto Songwe. Lakini Wareno, waliotawala Msumbiji, nao walibanwa ufukoni mwaka 1891, na 1954 walielewana na Waingereza mpaka ukasogea hadi katikati ya ziwa. Visiwa vya Likoma na Chizumulu, vilivyo karibu na Msumbiji, vilibaki vya Nyasaland (Malawi ya leo), kila kimoja na ukanda wa maji wa maili mbili za baharini. Kwa nini sisi na Malawi tusifanye hivyo?

Tukuyu: Ndaga mkuu, ila umeruka bei. Waingereza walitaka visiwa. Likoma ilikuwa makao ya misheni ya Kianglikana ya UMCA tangu miaka ya 1880, na kanisa kuu la Mtakatifu Petro lilianza kujengwa 1903. Kisiwa chenyewe ni kilomita za mraba 18 hivi, mchanga na mawe, zao linalokubali ni mihogo. Hakikung'ang'aniwa kwa ajili ya shamba! Upande wetu Malawi haina kisiwa cha kubakiziwa. Tutawapa nini?

Mtoa mada: Bonde la Songwe tayari tunashirikiana. Mazungumzo yaanzie hapo.

Mpima ardhi, Mbeya mjini: Mstari wa katikati unachorwa hivi: unaweka alama kwenye fuko zote mbili, kisha unatafuta sehemu zenye umbali sawa kutoka alama iliyo karibu zaidi ya kila upande. Kazi ngumu ni kukubaliana ufuko wa lini. Mto Shire ndio pekee unaotoa maji ziwani. Ulipoziba, takribani 1915 hadi 1935, ziwa lilipanda. Ludewa milima ya Livingstone inashuka wima majini, maji yakipanda mita moja ufuko hausogei sana. Kyela ni tambarare, mita hiyohiyo inaingia kwenye majaruba ya mpunga. Mpaka wa ufukoni ukifuatwa neno kwa neno, ungehama na mafuriko. Kwa hiyo, mpaka wowote uandikwe kwa majiranukta (namba za mahali kwenye ramani) yenye tarehe, usiandikwe "ufuko" tu.

Tukuyu: Hapo nakubali. Ila Malawi watakuja na azimio la Cairo la 1964 la Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwamba mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru iheshimiwe. Wa Likoma ulirekebishwa kabla ya uhuru wa Malawi na Msumbiji, kwa hiyo azimio linaulinda. Wetu haukurekebishwa. Mfano wako unatukata sisi wenyewe.

Mtoa mada: Soma ibara ya 6 ya mkataba huohuo wa 1890: mistari inaweza kusahihishwa kwa makubaliano, kulingana na mahitaji ya mahali.

Tukuyu: Kwa makubaliano, kaka. Mmoja akikataa, ibara imelala.

Mnunuzi wa usipa, Matema: Mkibishana, kumbukeni wavuvi. Usipa, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa usiku kwa taa, na mtumbwi unafuata kundi la samaki huku upepo wa Mwera ukiusukuma. Mstari hauonekani, na boya la katikati si la kutegemea: penye kina kirefu ziwa hufika mita 700 hivi, hebu pigeni hesabu ya kamba ya nanga. Kabla ya ramani, nchi mbili zikubaliane leseni inayotambulika pande zote, pamoja na ukubwa wa tundu la nyavu. Hilo halihitaji kumaliza kesi ya 1890.

Mpima ardhi: Na liandikwe kwamba leseni hiyo haibadilishi dai la nchi yoyote, la sivyo hakuna atakayesaini.